Msimwachie Shekhe Peke Yake

Mjini Isiolo, kijana akianza kurudia udhu mpaka rakaa ya kwanza inampita, akawa anarudi nyumbani mara mbili tatu kuhakikisha kwamba mlango ameufunga, uamuzi huwa umeshapitishwa kabla hajaulizwa: huyo ana wasiwasi, wasiwasi ni wa shetani, apelekwe akasomewe. Akisomewa asipone, hutolewa uamuzi wa pili: imani yake ni haba. Mtu akithubutu kutaja hospitali, hujibiwa kwa mkupuo kwamba hospitali ya akili ni ya vichaa, kwamba maradhi ya mawazo ni ya wazungu, na kwamba hata hivyo Isiolo hakuna daktari wa mambo hayo. Wanaosema hivi si wajinga. Wengi wao ni wazee wetu wenye busara, watu tunaowaendea kwa ndoa na kwa mirathi. Lakini katika jambo hili wamekosea, na gharama ya kosa lao wanailipa vijana kwa miaka ya maisha yao.

Nibainishe mapema ninachokipinga. Sina ugomvi na dua, wala na mgonjwa kusomewa Kurani, wala na padri anayemwombea muumini wake. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kumfanya shekhe awe mwanzo na mwisho wa tiba, kisha kumgeuzia mgonjwa lawama tiba hiyo isipofaulu.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita OCD, na una sehemu mbili zinazofuatana. Kwanza huja wazo ambalo mtu hakulialika na analichukia: nina najisi, nimekufuru, nitamdhuru mtu. Kisha huja kitendo cha kulituliza wazo hilo: kuosha, kukagua, kuhesabu, kuuliza, kurudia. Kitendo huleta utulivu wa dakika chache, wazo likarejea na nguvu mpya, na kesho yake kitendo kilekile hakitoshi. Mzunguko huo ukimla mtu zaidi ya saa moja kwa siku, au ukimharibia kazi, masomo na nyumba yake, huo ni ugonjwa. Si tabia, na si uchamungu uliopita kiasi.

Na si wa udhu peke yake. Yupo dereva wa probox ambaye kila gurudumu likigonga shimo kwenye barabara ya Garbatulla hugeuza gari kwenda kuangalia kama amemkanyaga mtu. Akikuta barabara tupu, huondoka, kisha hujiuliza kama aliangalia vizuri kwenye vichaka, na abiria wanaanza kulalamika. Yupo mama mchanga anayeficha visu vyote vya jikoni kwa sababu ya wazo la kumchoma mtoto, wazo linalomtia hofu kuliko kitu chochote duniani, na ambalo hajamwambia mtu kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Yupo Mkatoliki anayeungama dhambi ileile kila juma kwa kudhani mara iliyopita aliacha neno. Hao wote, tukiwapima kwa kauli ya mtaani, wana shetani mmoja mwenye ratiba ndefu. Tukiwapima kwa tiba, wana ugonjwa mmoja unaojulikana.

Tafiti za nchi nyingi zinakadiria kwamba kati ya watu mia, mmoja hadi watatu hupatwa na OCD katika umri wao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti ya Isiolo. Hata tukishika makadirio ya chini kabisa, tunazungumzia watu zaidi ya 2,000 walio kati yetu, kutoka Merti hadi Kambi Garba, Waborana kwa Waturkana, Wasomali kwa Wameru.

Hapo ndipo huibuka hoja ya kwamba haya ni maradhi ya wazungu. Hoja hiyo ina historia, na wanaoirudia wangeijua wangeitema. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilimkabidhi hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, daktari wake mmoja, J. C. Carothers, ambaye aliisimamia hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba huzuni ya kiugonjwa ni nadra kwa Mwafrika, na kwamba maradhi ya wasiwasi wa kujirudia takriban hayapo. Sababu yake haikuwa kwamba Waafrika wana afya njema. Kwa maoni yake akili yetu haikukomaa kufikia maradhi hayo. Mwaka uliofuata, 1954, huyohuyo aliandika ripoti ya kuwaeleza watawala saikolojia ya Mau Mau. Mzee anayesema leo kwamba Mborana hawezi kuugua OCD anadhani anatetea heshima ya watu wake, kumbe anarudia dharau ya mkoloni bila kujua ilikotoka.

Ukweli ni kwamba ugonjwa huu uko kila mahali, ila huvaa nguo za mahali ulipo. Mjini Cairo, Profesa Ahmed Okasha na wenzake walichapisha mwaka 1994 utafiti wa wagonjwa 90 wa OCD, wakakuta kwamba mawazo ya kidini na ya uchafu ndiyo yaliyotia fora, kila moja kwa asilimia 60 ya wagonjwa. Palipo na swala tano na twahara ya maji, wasiwasi hushika swala na maji. Palipo na kitubio, hushika kitubio: Ignasi wa Loyola, aliyeasisi shirika la Wajesuiti, alisimulia jinsi alivyoteseka huko Manresa mwaka 1522 kwa kuungama na kuungama tena mambo aliyokwisha kuyaungama. Kwamba dalili zimeshika dini hakuthibitishi kwamba chanzo ni upungufu wa dini. Mara nyingi ugonjwa humshika mtu hasa kwenye kile anachokithamini zaidi.

Sasa tuiendee hoja ya dini yenyewe, kwa kuwa ndiyo nguzo ya upande wa pili. Wanasema wasiwasi ni wa shetani, basi dawa yake imo msikitini. Naikubali dini iwe hakimu, nione itaamua nini. Katika hadithi sahihi, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji na kuoga josho kwa pishi. Kibaba hakifiki lita moja. Kijana wetu anamaliza mtungi wa lita 20 kwa udhu mmoja, katika mji ambao mitaa mingine hupata maji kwa mkokoteni wa punda na kuyalipia kwa mtungi. Mafakihi wana kanuni ambayo kila mwanafunzi wa madrasa huifahamu: yakini haiondolewi kwa shaka. Mtu akitawadha kisha akashuku, udhu wake upo. Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki 1201, na Ibn Qudama wa Damascus, aliyefariki 1223, wote waliandika wakikemea watu wa wasiwasi na kuwakataza kuyafuata maamrisho ya shaka zao. Kwa hiyo sheria iko wazi, na kijana anaijua. Anaweza kukusomea kanuni hiyo kwa Kiarabu huku mkono uko bombani mara ya tisa. Ikiwa elimu ya hukumu anayo na bado haachi, basi kinachokosekana si elimu ya hukumu.

Hilo wanazuoni wetu waliliona zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 934, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na ya nafsi. Katika sehemu ya nafsi aliutengea wasiwasi mlango wake, mbali na huzuni, mbali na hofu, mbali na hasira. Alieleza mawazo yanayomganda mtu na kumnyima raha ya dunia yake, akashauri mgonjwa asiachwe akae peke yake, apewe shughuli, na afundishwe kuyakabili mawazo kwa mawazo. Mwaka 2015 watafiti wawili nchini Marekani, Rania Awaad na Sara Ali, walilinganisha maelezo yake na vigezo vya madaktari wa leo wakaona yanakaribiana mno. Kwa hiyo Mwislamu aliyeandika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliona hapa pana maradhi ya kutibiwa. Sisi tumerudi nyuma yake.

Lakini hoja yangu nzito zaidi ni hii: shekhe aliyeachiwa kazi hii peke yake anaweza kuuongeza ugonjwa, tena kwa wema wake. Fikiria kijana anayempigia simu maalimu baada ya alfajiri. "Maalimu, nimehisi tone baada ya udhu, swala yangu ipo?" "Ipo, mwanangu." "Na kama lilikuwa tone kweli?" "Ipo, usijali." Anashukuru, anakata simu, moyo unatulia. Adhuhuri anapiga tena. Swali ni lilelile, limebadilishwa neno moja. Muulizaji wa kawaida huuliza ili ajue. Mgonjwa wa OCD huuliza ili atulie, na kila jibu analopewa ni sawa na kuosha mara nyingine. Mama naye nyumbani yumo katika mkumbo huohuo: "Mama, nimekanyaga mkojo?" "Hapana, baba." "Una hakika?" "Nina hakika." Anaongezewa maji, anafuliwa nguo upya, mlango unakaguliwa kwa niaba yake. Familia nzima imekuwa vibarua wa ugonjwa, na wote wanadhani wanasaidia.

Kisomo nacho kina hatari yake katika maradhi haya. Kijana aliyeambiwa kwamba wazo lake la kukufuru limetoka kwa jini aliyemwingia hutoka pale akiliogopa wazo mara mbili zaidi, na hulichunga kila saa aone kama limerudi. Wazo linalochungwa hurudi. Kisha yale aliyoagizwa kuyasoma asubuhi na jioni huanza kusomwa mara tatu, mara kumi, mara mia, kwa hofu kwamba herufi moja haikutoka sawasawa. Dawa imegeuka dalili. Ndivyo ilivyo pia kwa familia zinazomwita mtaalamu wa pepo wa ayaana na ngoma zake: mgonjwa hupewa maelezo mapya ya kuogopa, na mzunguko unabaki palepale.

Tiba inayofanya kazi huenda kinyume na silika yetu ya kutuliza. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London alichapisha habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa tiba nyingine, mmoja wao akisumbuliwa na mawazo ya kukufuru. Waliwekwa karibu na kile walichokiogopa, na wakazuiwa kufanya kile kitendo cha kujituliza. Hofu ilipanda, kisha ikashuka yenyewe bila kuoshwa. Tangu hapo njia hiyo imepimwa mara nyingi, na zaidi ya nusu ya wanaoikamilisha hupata nafuu kubwa.

Kwa kijana wetu wa udhu, kazi huenda hivi. Yeye na mtaalamu huandika orodha ya mambo yanayomtia hofu na kuyapa alama, kutoka sifuri hadi mia. Huanza na jambo la alama thelathini, labda kushika kitasa cha choo na kukaa robo saa bila kunawa. Wakipanda ngazi, hufika kwenye udhu wenyewe: chupa moja ya lita moja, kila kiungo kama sheria inavyotaka, maji yakiisha udhu umeisha. Anaondoka pale na shaka yake kifuani, anaingia safu, anaswali nayo. Harudii. Siku za mwanzo ni chungu, na mtaalamu mzuri hamdanganyi juu ya hilo. Baada ya majuma ya mazoezi ya kila siku, akili hujifunza kwamba shaka inaweza kuachwa bila kujibiwa. Angalia kama kuna neno hapo linalopingana na fikihi. Ni kanuni ya yakini na shaka ikifanyiwa mazoezi na mtu anayejua kupima hofu.

Zipo na dawa. Fluoxetine na nyingine za kundi lake hutumika sana, mara nyingi kwa kipimo kikubwa kuliko kile cha huzuni ya kiugonjwa, na huchukua majuma nane hadi kumi na mawili kuonyesha kazi yake. Clomipramine, dawa ya zamani zaidi, imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huuhuu. Hazileweshi, wala mtu hazizoei akawa mtumwa wake, ingawa haziachwi ghafla bila daktari. Wengi wanaosema "nilimeza sikuona kitu" waliziacha juma la pili.

"Lakini hospitali ya akili ni ya vichaa." Naelewa hofu hii inatoka wapi. Mathari ilifunguliwa 1910 kama nyumba ya kuwafungia wenda wazimu, na jina lake limebaki kuwa tusi la watoto shuleni. Ila mgonjwa wa OCD kwa kawaida halazwi popote. Huja kliniki, huzungumza, hupewa kazi ya nyumbani, hurudi kazini. Akili yake i timamu kiasi kwamba yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kukuambia kwamba anachokifanya hakina maana. Anaficha kwa aibu, na aibu hiyo tumempa sisi.

Inabaki hoja ya mwisho, na hii ina uzito: Isiolo hakuna wataalamu. Ni kweli kwamba nchini Kenya madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache, na wengi wamejaa Nairobi. Lakini uchache si utupu. Mlango wa kwanza ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, kliniki ya kawaida. Mgonjwa aulizie muuguzi au afisa wa kliniki anayeshughulikia afya ya akili, na aeleze dalili zote, hata zile za aibu, kwa kuwa anayesema "silali" tu atapewa dawa ya usingizi. Akihitaji zaidi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru iko mwendo wa takriban kilomita 50, lami tupu. Nairobi ni safari ya siku moja, na baada ya kumwona mtaalamu mara ya kwanza, vikao vingine vinaweza kufanywa kwa simu.

Na akifika mbele ya mshauri, amhoji. Tangu sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia, wenye kazi hiyo wanatakiwa kusajiliwa, na kuuliza usajili si utovu wa adabu. Aulize pia: umewahi kutibu wasiwasi wa kurudia? Utanipa mazoezi ya kuikabili hofu bila kurudia kitendo? Yatachukua vikao vingapi? Mshauri anayesikiliza tu kila juma na kumliwaza, "usijali, huna kitu," anafanya kosa lilelile la maalimu wa simu ya alfajiri, ila huyu anatoza ada.

Wakubwa wa kaunti nao wasijifiche nyuma ya hoja ya uchache. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya afya, na huduma za afya zimegatuliwa. Jopo lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yakazitwika serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Wala hatuna sababu ya kusubiri madaktari bingwa kumi washuke kutoka Nairobi. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa mitaani waliofundishwa huko Dagoretti, Nairobi, waliwapunguzia dhiki ya moyo wanawake waliopitia ukatili, kwa vikao vitano tu. Ule haukuwa ugonjwa wa wasiwasi, lakini utafiti huo unavunja dai kwamba kazi hii haiwezi kuanza bila bingwa. Kaunti ina wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe kuutambua ugonjwa huu na kumwelekeza mgonjwa. Muuguzi mmoja katika kila kaunti ndogo, Isiolo, Garbatulla na Merti, afundishwe tiba ya mazoezi. Hilo ni jambo la bajeti ya kaunti, na mwakilishi wa wadi anaweza kuulizwa juu yake kama anavyoulizwa juu ya visima.

Shekhe katika mpango huu hafukuzwi. Ana kazi ambayo daktari haiwezi: kumwambia kijana mara moja, kwa mamlaka ya elimu yake, kwamba udhu wa chupa moja unatosha na kwamba haruhusiwi kurudia, kisha kukataa kulijibu swali hilo tena. "Nimekwisha kukujibu, nenda kliniki yako." Kukataa huko ndiyo rehema. Mama naye afundishwe kusema vivyo hivyo, bila ukali: "Hilo swali ni la ugonjwa, baba, silijibu." Shekhe, mama na mtaalamu wakisema neno moja, ugonjwa hukosa pa kukimbilia.

Wanaoshikilia kwamba msikiti unatosha wamebaki na deni moja la kulipa. Mtume wanayemfuata aliwaagiza wafuasi wake watafute tiba, kwa kuwa hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa dawa. Kwa mguu uliovunjika wanaitii amri hiyo bila kuuliza. Kwa sukari na presha wanaitii. Watuonyeshe basi ni wapi palipoandikwa kwamba wasiwasi umetolewa katika amri hiyo. Wakishindwa kupaonyesha, wampishe kijana njia ya kwenda hospitali.